Nilishinda bingo, na sasa jirani hanigongei mlango

Shikamoo Somo,

Mimi ni binti wa miaka 31, mzaliwa wa Muheza. Huu ni mwaka wangu wa pili hapa Hull, Uingereza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Ninaoishi nao wanatoka wakati mimi narudi, na wakirudi mimi nimeshapanda basi. Kwa hiyo mtu niliyekuwa nimemzoea hasa ni jirani wa ukuta kwa ukuta, bibi wa miaka 74, mjane. Ndiye aliyenifundisha pipa la bluu linatolewa lini na la kahawia lini, na ndiye anayenipokelea vifurushi nikiwa usingizini. Saa kumi jioni alikuwa akinigongea mlango mara tatu, maana yake chai iko tayari.

Mwezi uliopita akaniambia Alhamisi yangu ya mapumziko nisiilalie, twende bingo, ule mchezo wa fedha ambao namba zinatajwa na wewe unazitia alama kwenye kadi yako. Nikamwambia sijui kucheza. Akasema ukijua kuhesabu mpaka tisini umeshajua.

Somo, mimi nimelelewa katika nyumba ambayo hata karata hazikuingia. Mama ni Mwanglikana wa kwaya mpaka leo, na marehemu baba alimchapa kaka yangu kwa kukutwa kwenye karata tatu pale stendi. Nikajipa moyo kwamba naenda kumsindikiza bibi tu.

Tulikwenda na rafiki zake wawili, teksi moja, kila mmoja akatoa pauni tatu. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa sinema, sakafu bado inateremka kuelekea jukwaani. Mlangoni wakaniomba kitambulisho, wakanipa kadi ya uanachama bila malipo. Tukiwa bado kwenye foleni, mmoja wa wale rafiki akageuka akauliza, "Tuko pamoja wote, sivyo?" Wakaitikia, na mimi nikaitikia, tuko pamoja. Sikufichi, nilifurahi kuhesabiwa.

Bibi akaninunulia kitabu cha kadi za namba. Nilipotoa pochi alinipiga kikofi cha mkono. Akaninunulia na ile kalamu yao nene, ina kichwa cha sponji kama kiwi ya maji ya viatu, unagonga namba inabaki na doa la rangi. Yangu ilikuwa ya zambarau.

Kosa la kwanza nilikaa kwenye kiti cha mtu. Hakikuandikwa jina, lakini mama mmoja alikuja akasimama nyuma yangu na koti lake mkononi, akanitazama bila kusema neno mpaka bibi akanivuta upande wa pili. Kosa la pili ni simu. Msoma namba alisema "macho chini", yaani mchezo unaanza, ukumbi wote ukanyamaza kama ibada ya Ijumaa Kuu, na dakika tano hazijapita mdogo wangu akanipigia video kutoka Muheza. Nilizomewa, Somo. Si kwa maneno, kwa "shhh" ya watu labda mia mbili kwa mpigo.

Halafu ile kasi! Namba inatajwa, hujaipata, nyingine hiyo. Bibi alikuwa anagonga zake huku anazisoma zangu kichwa chini miguu juu kutoka upande wa pili wa meza, ananigongea kwa kidole nilipopitwa. Mapumziko tukala chipsi, sahani moja katikati ya meza na uma nne.

Kipindi cha pili nikaona kadi yangu moja imejaa. Nikasema polepole, kwa Kiswahili eti, "Jamani, nadhani nimemaliza." Bibi akanyakua ile karatasi akapiga ukelele ambao sikujua mtu wa miaka 74 anao. Mfanyakazi akaja, akasoma namba ya kadi, kompyuta ikakubali. Pauni 120, taslimu, mkononi mwangu.

Walinikumbatia wote watatu. Nikashukuru, nikaziweka kwenye mkoba, nikawanunulia chai. Kwenye teksi kurudi hakukuwa na mazungumzo. Nilidhani wamechoka.

Kesho yake nilituma pauni 80 nyumbani kwa ajili ya bati za jiko la mama. Sikumwambia zimetoka wapi. Nilisema ni ovataimu.

Tangu siku ile mlango haujagongwa. Wiki tatu. Tukikutana kwenye mapipa ni "habari" na "baridi leo". Na Jumamosi nilikutana na mmoja wa wale rafiki zake dukani, akanitazama kikapu changu akasema, "Umeshazila zote, mpenzi?" akacheka. Sikulala siku hiyo. Nilijisikia kama maskini kutoka Afrika aliyeokota pochi ya mtu.

Naomba unieleze. Ni rangi yangu? Ni wivu, kwamba mgeni amekuja siku moja akabeba? Au ni Mungu ananionyesha kwamba ile fedha haikuwa safi? Nina hasira nao, lakini ukweli ni kwamba usiku ule ndio nilicheka mara ya kwanza tangu nishuke uwanja wa ndege, na ningependa kurudi. Nifanyeje?

Mgeni wa Hull

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako, nimeshakunja kanga nije kugombana na huyo wa dukani. Mara ya pili nikafika pale kwenye foleni, nikaweka kikombe chini.

"Tuko pamoja wote, sivyo?"

Sisi maneno hayo tunayamwaga kama maji. Mtu anakuagia kwenye simu "tuko pamoja", na msibani humwoni. Wewe uliyasikia kwa masikio ya Muheza ukadhani unakaribishwa. Mwanangu, ulikuwa unaulizwa habari ya fedha. Wanaokwenda bingo kwa kundi mara nyingi wanaambiana kabla ya namba ya kwanza: leo tunagawana, au leo kila mtu na lake. Wakikubaliana kugawana, atakayepata yeyote anaweka mezani, inakatwa sawasawa. Hawaandikishani popote. Kuitikia kwako ndiyo saini.

Kwa hiyo wao waliona mtoto aliyelipiwa kitabu, aliyesaidiwa kugonga namba, aliyepigiwa kelele na mwenzake, akachukua 120 zote, akafunga zipu, akawatuliza kwa chai. Nao ni Waingereza wa kaskazini, wazee, wanawake, kukudai hawatakudai. Watazungumza na wewe habari za baridi mpaka mmoja wenu afe.

Na ile kelele ya bibi usiichukulie kama mbwembwe. Kwenye bingo ya kule ushindi usioutangaza si ushindi. Lazima umsimamishe msoma namba kabla hajaingia namba inayofuata. Ikishatoka, unaweza kuwa umepoteza na kadi yako imejaa hivyo hivyo. Na "jamani, nadhani nimemaliza" yako ya Kiswahili ingekwenda na maji. Pauni 120 zile alizivua yeye, kwa koo lake.

Naweza kuwa nimekosea. Sikuwepo kwenye foleni. Lakini angalia ulivyoniandikia mwenyewe: teksi kila mtu tatu, sahani moja uma nne. Hao ni watu wa kugawana, na uliwaona kwa macho yako usiku kucha.

Suala la rangi silifutii kwa mkono. Nilikaa Coventry, huko huko Uingereza, miaka tisa nikimfuata mume, najua kuna macho unayoyahisi mgongoni kabla hujageuka. Ila mtu anayekuchukia kwa ngozi yako hakununulii kalamu ya zambarau. Yule wa dukani alikusema kwa utani wenye mwiba, na mwiba ulikuwa pauni 30 zake.

Ngoja nikwambie kwa nini bibi zako wanalichukulia jambo hili kwa uzito, maana mgeni anaona namba na kelele tu. Bingo ya biashara iliruhusiwa Uingereza kwa sheria ya 1960, ikaanza Januari 1961. Ilikuwa wakati televisheni imeingia majumbani na sinema zinabaki na viti vitupu, basi wenye majengo wakang'oa filamu wakaweka meza. Ndiyo maana sakafu yako inateremka. Kule Tooting, London, kuna sinema ya 1931 ambayo ndani imejengwa kama kanisa kuu la kale, matao na nguzo, na mwaka 1976 ikageuzwa ukumbi wa bingo. Bibi yako alikuwa msichana mdogo wakati hayo yanaanza. Mwanamke wa kiwanda au wa samaki hakuwa na sehemu nyingi za kwenda jioni peke yake bila kusemwa. Baa ilikuwa ya wanaume. Bingo alikaa na wenzake, akanywa chai, akarudi nyumbani saa nne na heshima yake. Kisha Julai 2007 uvutaji sigara ukapigwa marufuku ndani ya majengo ya umma England, baadhi ya wateja wakapungua, simu nazo zikaja na bingo yake ya mtandaoni, na kumbi nyingi zimefungwa. Waliobaki wanashikilia viti vyao kama wazee wetu wanavyoshikilia baraza la bao. Ungekwenda pale Pangani ukakaa kwenye jamvi la mzee wa bao siku yako ya kwanza, ungezomewa kwa Kiswahili.

(Mpaka sheria yao ya kamari ya 2005 ilipoanza kutumika, usingeweza hata kuingia na kucheza siku hiyo hiyo. Ulijiandikisha uanachama, ukarudi baada ya saa 24. Siku hizi kadi ni utaratibu wao tu. Na wasomaji wangu wa Pwani wanaoniuliza kila mwaka kwa nini moja ya kampuni kubwa za bingo kule inaitwa Mecca: jina limerithiwa kutoka kumbi zao za zamani za dansi, hakuna aliyewauliza Waislamu.)

Sasa la kufanya. Wewe ndiye unayekwenda kugonga, saa kumi, mara tatu kama anavyogonga yeye. Usitume ujumbe wa simu, na usiende na bahasha mkononi kama mtu anayelipa faini. Pika maandazi, yaweke iliki ya kutosha, wao wanaipenda ukishawazoesha. Chai ikishamiminwa, uliza wazi: "Siku ile mlangoni mliposema tuko pamoja, mlimaanisha kugawana? Kwetu maneno yale ni salamu. Mimi sikuelewa." Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa maelezo ya bati na jiko.

Akisema ndiyo, hesabu ni ndogo. Mlikuwa wanne, 120, kila mtu 30. Wewe una lako 30, unadaiwa 90. Ulizotuma Muheza zimeshakuwa paa, ziache huko. Kama mshahara haujaingia mwambie utatoa 30 kila mwisho wa wiki, kuanzia yule wa dukani. Nimemtanguliza makusudi. Akikwambia basi, yaishe, usilazimishe noti mkononi mwa mtu mzima. Alhamisi inayofuata lipia vitabu vya meza nzima na teksi.

Akisema hapana, hatukuwa tunagawana, basi muulize kimempata nini. Anaweza kuwa na ugonjwa, ana watoto mbali, ana mambo yake. Wiki tatu na wewe hukumgongea pia.

Kuhusu Mungu na ile fedha. Mimi si padri, na msimamo wa kila mtu kuhusu kamari aujue yeye na dini yake. Mwislamu anayeniandikia jambo hili jibu lake analo kabla hajanunua stempu. Wewe Mwanglikana utashangaa ukikaa huko vya kutosha: utakuta tangazo la bingo kwenye ukumbi wa kanisa, ya kuchangia paa. Kwa hiyo bati za mama yako na za huyo mchungaji zitakuwa zimetoka mfuko mmoja. Kinachonikera ni ovataimu. Mama amekwenda kumshukuru Mungu kwa usiku mmoja wa kazi ambao haukuwepo. Mpigie, umwambie ulikwenda na jirani mzee, ukashinda, na sasa unarudisha sehemu ya wenzako. Atakusema. Akisemeshana na wewe dakika kumi atauliza huyo bibi anaitwa nani, ana watoto wangapi.

Ukirudi ukumbini, na mimi nadhani urudi, mambo machache ya mtu aliyewahi kuaibika. Siku yangu ya kwanza Coventry ilitajwa thelathini nikagonga kumi na tatu, maana kwa Kiingereza thirty na thirteen zinafanana masikioni, nikapiga kelele, mchezo ukasimama, kijana akaja akasoma, akatikisa kichwa kwa upole. Ukumbi wote uliguna. Hakuna adhabu, lakini masikio yalinichemka mpaka mapumziko. Baadaye ndipo nikaelewa kwa nini msoma namba anataja tarakimu moja moja kwanza: "tatu na sufuri, thelathini", "moja na tatu, kumi na tatu". Sikiliza zile tarakimu. Ile ya majina ya utani, 88 mabibi wawili wanene, 22 bata wawili na watu wanalia kwa-kwa, utaikuta zaidi kwenye klabu na sherehe. Kumbi kubwa hazina muda huo.

Na kasi ina dawa yake. Ukurasa wako una kadi sita. Kila kadi ina namba 15, mistari mitatu, namba tano kila mstari. Sita mara kumi na tano ni tisini, yaani kila namba kuanzia moja hadi tisini imo kwenye ukurasa wako mara moja, si zaidi, si pungufu. Ikitajwa yoyote, ipo. Na zimepangwa kwa safu za kushuka: moja hadi tisa kushoto kabisa, kisha za kumi, za ishirini, mpaka themanini na tisini mwisho wa kulia. Wageni wanasoma kama kitabu, mstari kwa mstari, ndiyo maana wanapitwa. Wewe ikitajwa 47 shuka na safu ya arobaini peke yake. Kitu cha kwanza wanachotoa zawadi ni mstari mmoja, halafu miwili, halafu kadi yote, kwa hiyo usitulie ukisubiri kadi ijae huku mstari wako umeshapita.

Ukishinda fedha yote ni yako, serikali ya kule haimkati kodi mshindi. Lakini chunga mapumziko. Kitabu umekilipia, unajua kimekugharimu kiasi gani. Kinachomaliza fedha ni ile michezo ya haraka ya kutumbukiza sarafu kwenye meza wakati wenzako wanakula, na zile mashine zenye taa ukielekea chooni. Sarafu sarafu, unatoka umekwisha. Nenda na noti uliyopanga kupoteza, kadi ya benki iache nyumbani. Na bingo ya kwenye simu, wewe mtu wa zamu za usiku unayekaa macho peke yako saa tisa, usiifungue hata kwa kujaribu. Kule ulikwenda kwa ajili ya sahani moja na uma nne, na kwenye simu hakuna chipsi.

Mkiwa kwenye foleni, usisubiri kuulizwa. Sema wewe: "Leo tunagawana au kila mtu na lake?" Watakuangalia, watacheka, na yule wa dukani atacheka zaidi ya wote.

Zima simu. Na mama mwenye koti, mtafute kwa macho kabla hujakaa.

Somo